Karatasi Aliyoisaini Avit

Maneno yalianzia saluni moja ya mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, yakapita sokoni, yakapanda mpaka Kahororo anakokaa Joanitha na mama yake. Ilisemwa kwamba Joanitha, yule binti wa bima, ndiye aliyeyaua madai ya mchumba wake Avit kwa makusudi, kwa sababu amepata mwanaume mwingine, na mwanaume mwenyewe ni bosi wake. Joanitha aliyasikia akiwa ameinamisha kichwa anaoshwa nywele. Hakugombana na mtu. Alilipa, akatoka na nywele mbichi. Tangu siku hiyo alikula nayo, akafanya kazi nayo, akaenda nayo kanisani. Bosi wake alikuwa mzee anayesubiri pensheni, na mwanaume mwingine hakuwepo. Kilichomtesa ni kwamba ndani ya uongo ule lilikuwemo neno moja la kweli: madai yale yalifia mkononi mwake.

Yeye na Avit walikutana stendi ya Bukoba, mwaka juzi, wakati wa senene, wale panzi wanaoliwa kwetu. Ofisi ilimweka Joanitha pale na meza na mwavuli mkubwa wa kampuni, akatie watu bima za magari. Alivaa blauzi ya bluu ya ofisi na sketi nyeusi aliyoipunguza mwenyewe kiunoni, ikamkaa. Mvua ikashuka ghafla kama inavyoshuka kwetu, watu wakatawanyika, na kijana mrefu mwenye shati jeupe na mfuko wa senene mkononi akajibanza chini ya ule mwavuli.

"Huu mwavuli ni wa wateja," Joanitha alimwambia.

"Basi nikatie bima ya mvua."

"Umeshalowa. Hatukatii bima kitu kilichokwisha kuharibika."

"Waitu, jamani, uso mzuri hivyo na roho ngumu hivyo. Mungu alikosea kuunganisha."

Alikuwa Avit, mtoto wa mzee Rugaibula wa Izigo, kule Muleba, fundi umeme aliyetoka kununua gari lake la kwanza. Mvua ilipokatika, Avit alikuwa amekata bima kubwa ya lile gari, ile inayolipa gari lenyewe na mtu uliyemgonga, na Joanitha alikuwa amekula nusu ya senene zake.

Baada ya hapo ikawa ni simu. Avit alimwita "Bima yangu", naye Joanitha alimwita "Mteja". Akitoka kazini tu, simu inaita.

"Mteja ameshakula?"

"Mteja anasubiri kupikiwa. Atakufa na madai yake."

Ilipofika Pasaka, Joanitha akapelekwa Izigo kuonwa. Alivaa kitenge cha kijani, akapiga magoti kumsalimia mzee, akakaa kwenye mkeka na kujibu alipoulizwa tu. Mzee Rugaibula akawaambia majirani kwamba elimu haijamharibu huyu binti, hamkatizi mzee neno. Jioni ile ile akamwonyesha Avit kipande cha kibanja chake, shamba la migomba, karibu na barabara, wajenge. Joanitha alirudi Bukoba na ile sifa moyoni, akaitunza kuliko vyeti vyake.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, Avit akiwa na gari lake anakaribia kwao, jirani yao mzee Karugendo alitokeza kwenye kichochoro cha migomba akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Avit alikwepa, haikutosha. Mzee akavunjika paja, na gari likaingia mtaroni, mbele kote kukabonyea.

Kwetu, ajali ya jirani haipelekwi polisi. Ukoo wa Karugendo na ukoo wa Rugaibula wamezikana miaka yote. Mgonjwa alipokwisha kupelekwa hospitali, wazee wakakaa. Kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikawekwa katikati kuomba msamaha, gari likavutwa kutoka mtaroni, na mmoja wao akaandika karatasi: mimi Avit nimekosa, nitamtibu mzee mpaka atembee, na neno hili limeisha nyumbani. Ikabaki kusainiwa. Avit akasogea pembeni kidogo, akapiga simu.

"Bima yangu, nimemgonga mtu. Yuko hai. Wazee wanataka nisaini kwamba kosa ni langu, polisi tusiwaite. Nifanye nini?"

Joanitha alijua. Mafunzoni walirudiwa mpaka wakachoka: mteja asikubali kosa, asiahidi malipo, asisogeze gari, aite polisi, atoe taarifa siku hiyo hiyo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ndipo akasikia kwenye simu sauti ya mzee Rugaibula kwa nyuma, akisema kama huyo ni binti yetu, mwambie tunamsalimia.

"Wasikilize wazee," Joanitha akasema. "Mengine tutayaona ofisini."

Ofisini hapakuwa na cha kuona. Avit alipeleka madai, na baada ya wiki sita kampuni ikajibu kwamba hailipi gari wala matibabu: taarifa ya polisi hakuna, gari lilisogezwa, na mteja amejitwisha kosa kwa maandishi bila kuishirikisha kampuni. Joanitha aliandika makao makuu mara mbili, likarudi jibu lile lile. Na yeye ndiye aliyeamriwa kuisaini ile barua na kuituma, kwa kuwa mteja alikuwa wake. Avit akaona saini yake chini. Akapiga simu kumuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba mambo yangefika huku. Joanitha akasema mtandao unakatakata, akakata. Maneno ya saluni yalipomfikia Avit, akaacha kabisa kupokea simu zake.

Joanitha alikonda. Mama yake akawa anamuuliza kama ana mimba. Mwishowe, asubuhi moja, alivaa kile kitenge cha kijani, akaenda Izigo bila kuaga.

Aliwakuta kwenye kile kipande cha kibanja karibu na barabara. Watu wawili asiowajua walikuwa wanapanda milamula, ile miti ya mpaka, na mzee Rugaibula amesimama anawaonyesha pa kuchimba. Kipande kilikuwa kimeuzwa ili mzee Karugendo awekwe chuma kwenye paja. Avit alikuwa ameegemea mgomba, shati limefubaa, ndevu hazijanyolewa.

"Bosi wako amekupa ruhusa?" aliuliza.

"Hakuna bosi, Avit. Hakuna mwanaume yeyote. Waulize watu wote wa Bukoba."

"Sasa nini?"

"Nilijua. Siku ile uliponipigia, nilijua hukupaswa kusaini. Nilimsikia mzee, nikaogopa aseme mimi ni msichana wa kuwafundisha wazee."

Avit aliuacha mgomba, akamsogelea.

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Ungekuwa na mwanaume mwingine, ningempiga, yangekwisha. Sasa huyu nimpige nani, Joanitha?"

Ilikuwa mara ya kwanza Avit kumwita kwa jina tangu siku ya mvua. Mzee Rugaibula alikuwa amesikia yote. Akaja polepole, akafuta udongo mikononi.

"Binti yangu," akasema, "ungesema, ningenyamaza. Mimi bima ninaijulia wapi? Nilikusalimia kwa sababu nilidhani wewe ndiye unayejua."

Joanitha akapiga magoti. Mzee akamwinua, akarudi kwa wanunuzi wake.

Avit alimbebea mkoba mpaka barabarani. Gari la abiria liliposimama alimkabidhi mkoba kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mgeni, akamwambia amsalimie mama. Hakusema atapiga simu. Hakupiga.

Wenye magari, na wenye watoto wanaopendana, haya myaepuke:

Usisogeze gari kabla polisi hawajapima. Majeruhi awahishwe hospitali, gari libaki.

Usisaini karatasi ya kukubali kosa, hata wazee wote wawe wamekaa. Pole peleka, rubisi peleka, karatasi acha.

Usilale bila kuitaarifu kampuni yako ya bima.

Usifungie kabatini karatasi za bima hujasomewa. Kama maneno yanakushinda, tafuta mtu.

Usidhani barua ya kukataliwa ndiyo mwisho. Uliza pa kulalamikia mapema, kabla hujauza kibanja.

Usiamini ya saluni kabla hujamuuliza mwenyewe.

Na wewe binti, usinyamaze unachokijua ili wakwe wakusifu.