Usichomoe Matimba

Alhamisi, saa kumi na moja jioni

Bujiku alichagua chumba cha nyuma ya mashine ya mpunga, Nyasubi, kwa sababu ya kelele. Mtu angepigwa risasi humo, wateja nje wangeendelea kupepeta mchele. Limi aliliwaza hilo, akatamani asingeliwaza.

"Jana milango ilijifunga yenyewe," Bujiku alisema. "Kwa nini?"

Alikuwa mchimbaji kabla ya kuwa jambazi, na hakuwahi kupaza sauti. Juu ya magunia walikaa Donatus, dereva, na Magesa, kaka yake Limi. Magesa ndiye aliyejiingiza kwanza. Ukishamwambia Bujiku ndiyo, huna tena hapana. Limi alikuja kwa jambo moja tu: kaka yake akiingia kwenye chumba cha dhahabu, nyuma ya duka la Jashvant, mlango uwe mikononi mwa dada yake. Yeye ndiye fundi wa programu inayoifungua milango ile.

"Programu ilizimika ikaanza upya, bosi. Kumbukumbu ya seva ikijaa, inazimwa. Ikikaa bila mtu kuitumia, inalazwa. Jana lakini ni mimi. Nilifuta folda iliyo ndani yake. Ukifanya hivyo inadhani imebadilishwa, inazima, milango inajifunga. Haiamki mpaka mtu aipigie hodi kwa kompyuta."

"Ikiamka?"

"Inasahau kwamba niliinyamazisha. Mlango ukifunguka, Jashvant na polisi wanapata ujumbe."

"Kuna picha zangu humo. Nilikwenda kukagua, kamera ikaninasa."

"Tutazifuta wote wakishatoka. Siyo kabla." Limi alitafuta neno litakalomwingia. "Folda zile ni matimba, bosi."

Bujiku akatabasamu. Hakuna mchimbaji Geita nzima asiyejua matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, shimo la dhahabu, zisiporomoke. Na hakuna anayechomoa gogo mtu akiwa chini.

"Sasa umesema Kiswahili," alisema.

Jumapili, saa nne asubuhi

Mji ulikuwa kanisani. Mlinzi alikuwa amevuka barabara kunywa chai. Gari lilisimama kwenye uchochoro nyuma ya duka, na Limi alikaa kiti cha nyuma kando ya Bujiku, kompyuta mapajani. Akabonyeza. Mlango ukafunguka. Magesa na Donatus wakaingia.

Aliyerudi ni Donatus peke yake. Alitupa mfuko mzito miguuni kwa Bujiku, akashika usukani.

"Magesa yuko wapi?" Limi aliuliza.

"Anamalizia."

Bujiku akaichukua kompyuta. Folda ya picha aliijua. Limi mwenyewe ndiye aliyemwonyesha.

"Bosi, kaka yangu yuko ndani."

"Najua."

Akafuta. Nyuma ya ukuta chuma kiligonga chuma.

Limi alingoja Bujiku aseme amekosea. Alingoja kwa moyo wake wote, maana kosa lingeweza kurekebishwa.

"Ulinielewa," alisema. "Matimba."

"Vizuri sana. Polisi wakimkuta mmoja ndani, hawahangaiki na walio nje. Donatus, washa."

Donatus alikwepa kumtazama Limi kwenye kioo.

Kwenye skrini hapakuwa na kitu. Programu imelala, na Jumapili hakuna wa kuiamsha. Wangeshika barabara ya Ushirombo, na Magesa angebaki mpaka Jumatatu kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtu hawezi kupumua humo mpaka Jumatatu. Limi alijua, na Bujiku, aliyewahi kutoa maiti mashimoni, alijua zaidi.

Kisha akaitumia hofu ya Bujiku: zile picha.

"Picha hazijafutika, bosi. Zimehamia kwenye takataka. Imebaki kubonyeza mara moja."

Bujiku akamrudishia kompyuta, akamwekea bastola ubavuni. "Haraka."

Limi akapiga hodi.

Ikiamka mara ya kwanza huwa nzito. Duara dogo lilizunguka kwenye skrini. Likazunguka. Gari likaanza kusogea. Ee Mungu, amka.

*Karibu*, skrini ikaandika.

Akafungua mlango.

Chuma kikalia tena, kisha king'ora juu ya paa la Jashvant. Bujiku akatazama ukuta, akamtazama Limi.

"Umefanya nini?"

Magesa alikuwa ametokea uchochoroni, amefinya macho kwa jua. Akaliona gari. Akalikimbilia huku akitabasamu, kwa kudhani wamemngoja.

Limi akatoa kichwa dirishani.

"Rudi, kaka! Wamekuuza! Kimbia!"

Magesa akasimama. Akamtazama dada yake, akaona mkono wa Bujiku ukipanda nyuma yake. Akageuka akakimbia kuelekea kanisani, kwenye watu.

Bastola ililia ndani ya gari. Limi aliona damu yake ikitapakaa kwenye kibodi, juu yake skrini bado ikimkaribisha. Hakuishughulikia. Alitazama nje kwanza, kuhakikisha. Uchochoro ulikuwa mtupu.