Matanga ya Madam Cherop

Kila asubuhi, wanafunzi wa sanaa za maonyesho katika chuo kimoja cha jamii mjini Kitale walianza siku kwa kunguruma. Walisimama kwenye nyasi nyuma ya darasa, wakafumba macho, wakavuta pumzi mpaka tumboni, kisha wakatoa sauti moja ndefu: "Aaaaa!" Akina mama waliouza ndizi ng'ambo ya ua walikuwa wameshazoea. "Wale wagonjwa wameamka," walisema, wakaendelea kupanga ndizi zao.

Aliyenguruma kuliko wote alikuwa Nasike, msichana wa Sirisia aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Nasike aliweza kuigiza kila kitu: jogoo aliyekaukiwa na sauti, mchungaji aliyesahau mahubiri, hata mwalimu mkuu anayetafuta miwani aliyoivaa. Akifungua mdomo tu, watu wanashika mbavu.

Taabu yake ilikuwa hiyo hiyo. Mchezo wa muhula huo ulihusu ugomvi wa shamba, na mwalimu wao, Madam Cherop, alimpa Nasike sehemu ya mjane. Mjane huyo alipaswa kuiona maiti ya mumewe na kulia. Nasike akalia. Darasa likacheka. Akalia tena. Kemboi, aliyeigiza maiti, akacheka mpaka shuka ikaanguka.

"Nasike," Madam Cherop akauliza, "huyu mjane amefiwa au ameshinda bahati nasibu?"

"Amefiwa, Madam."

"Basi mwambie, naona hajapata habari. Jumamosi tunaonyesha kule Mabanga, mbele ya wakulima. Wasipokuamini, sina alama ya kukupa, na bila alama hiyo huingii mwaka wa pili."

Kemboi akamletea kipande cha kitunguu akifiche kiganjani. Machozi yakaja kwa wingi, lakini Madam Cherop alikuwa na pua. "Machozi ya kitunguu ni ya kupikia sukuma wiki," akasema. "Nenda nyumbani ufanye mazoezi. Tukutane Mabanga."

Alhamisi Nasike akarudi Sirisia. Kule nyumbani hakuna aliyejua habari za mjane wala za maiti. Baba yake, Mzee Wabwile, aliwahi kusema kwamba kuigiza ni kazi ya watu waliokosa kazi. Kwa hiyo Nasike alimwambia kwamba anasomea upishi wa hoteli. Mama alipokuta kipande cha kitunguu ndani ya mkoba wake, alifurahi sana. "Unaona, Baba Nasike? Mtoto anasoma kweli!" Jioni hiyo mpishi wa hoteli aliombwa apike chapati, na chapati zake zilikuwa na pembe kuliko ng'ombe wa Baba. Wakala kimya, kwa heshima ya elimu.

Ijumaa asubuhi, wote walipokwenda shambani, Nasike alijiingiza katikati ya mahindi nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Akakumbuka jinsi akina mama wa kwao wanavyolia. Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi mpaka tumboni, akaachilia:

"Uuuwi! Mayi weee! Ameniacha! Ameniacha na nani mimi?"

Safari hii kilikuwa kilio hasa. Yeye mwenyewe alisisimka mwili. Akakirudia kwa nguvu zaidi.

Sasa, upande ule wa Sirisia, kilio si cha mtu mmoja. Ukisikia jirani analia hivyo, hupigi simu kuuliza. Unaacha jembe, unaacha uji motoni, unakimbia, na ukikaribia boma lake unaanza kulia wewe pia. Jina la marehemu utalipata baadaye.

Wa kwanza kufika alikuwa Kukhu Phelista, nyanya wa boma la jirani, ambaye kwa kawaida huhitaji kushikwa mkono akienda kanisani. Alikuja mbio, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. Nyuma yake walikuja akina mama wa kwaya, wakiwa tayari katikati ya wimbo. Vijana wakaleta viti vya kanisa. Nasike alipochungulia kutoka kwenye mahindi, mtu mmoja alikuwa ameshaanza kupasua kuni.

"Ni nani, mjukuu wangu?" Kukhu Phelista akamkumbatia. "Ni nani ametuacha?"

Hapo Nasike alikuwa na nafasi nzuri ya kusema, "Samahani, nilikuwa nafanya mazoezi." Maneno machache tu. Lakini Baba naye alikuwa amefika, anahema na kulia, jembe mkononi. Mazoezi ya nini? Mazoezi yangeleta habari za kuigiza, na kuigiza kungeleta habari za upishi.

"Ni mwalimu wangu," Nasike akasema. Jina lililokuwa kichwani mwake wiki nzima likatoka lenyewe. "Madam Cherop. Wa Kapsokwony."

"Uuuwi, Cherop!" Kukhu Phelista akalia, ingawa hakuwa amewahi kumsikia.

Nasike alidhani watu watasema pole na kurudi kwenye mahindi yao. Hakumjua vizuri baba yake.

"Mwalimu aliyekupa ujuzi hatuwezi kumwacha azikwe bila sisi," Mzee Wabwile akatangaza. "Kesho asubuhi tunakwenda Kapsokwony kutoa pole. Ngari, lori lako la miwa liko?"

"Liko, Mzee," jirani huyo akajibu.

"Lakini Baba," Nasike akasema, "Kapsokwony ni mbali. Na barabara ni mlima mtupu."

"Si lori litapanda? Wewe unafikiri waliofiwa wanakaa bondeni tu?"

Kesho asubuhi! Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya Mabanga. Nasike akazima simu yake, asije akapigiwa na mtu wa chuo mbele ya watu, akaingia jikoni kuchemsha chai ya matanga.

Madam Cherop, mzima wa afya, alikuwa Mabanga siku hiyo hiyo ya Ijumaa akipanga jukwaa. Wenyeji walipomwambia kwamba onyesho limesogezwa kutoka alasiri hadi asubuhi, akawapigia simu wanafunzi wote. Wote wakapatikana isipokuwa Nasike. Akaamua kwenda kwao mwenyewe. Alipofika Sirisia, akamuuliza mwendesha bodaboda kama anajua kwa Mzee Wabwile.

"Kwa Wabwile? Si ndiko kuna matanga! Panda, Madam."

Madam Cherop akashika kifua. Kumbe ndiyo maana simu ya mtoto haipatikani! Akanunua sukari, kwa sababu mtu haendi matangani mikono mitupu, akapanda.

Alipofika, boma lilikuwa limejaa. Akamsalimia Mzee Wabwile kwa mikono miwili. "Pole sana, Mzee. Poleni sana."

"Asante, mama. Tumepoa. Karibu kiti."

Akaketi karibu na Kukhu Phelista, akamkabidhi sukari. Mchungaji akasimama, watu wakainamisha vichwa. "Bwana, tunaleta mbele zako dada yetu. Bado alikuwa na nguvu. Mpokee Mwalimu Cherop..."

Kichwa kimoja kikainuka. "Samahani, Mchungaji. Cherop yupi?"

"Wa chuo cha Kitale, mama. Aliyekuwa akifundisha upishi."

"Upishi?" Mgeni akasimama. "Cherop wa chuo kile ni mimi. Na upishi siufundishi. Hata uji huniungulia."

Mama mmoja wa kwaya akaruka ua wa michongoma bila kuugusa. Kukhu Phelista hakukimbia. Alinyoosha fimbo yake polepole, akamdunga mgeni kwenye mkono.

"Ni nyama," akawatangazia watu.

Wakati huo huo Nasike alitokea jikoni na birika la chai. Akamwona marehemu.

"Nasike," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Weka birika. Njoo hapa katikati."

Akasema yote: mjane, Mabanga, mwaka wa pili, mazoezi kwenye mahindi, hoteli ambayo haikuwepo. Alipowatazama majirani walioacha kazi zao kwa ajili yake, machozi yakamtoka. Hayakuwa ya kitunguu wala ya pumzi ya tumboni.

Hakuna aliyesogea. Kukhu Phelista akamkazia macho. "Hayo ni machozi au ni mazoezi?"

"Ni machozi, Kukhu."

"Usimwamini, Kukhu!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ati machozi! Hata asubuhi si alikuwa nayo?"

Watu wakacheka, lakini Nasike hakucheka. Asubuhi alilia kwa uongo na kijiji kizima kikamkimbilia. Sasa alikuwa analia kweli, na hakuna hata mmoja aliyempa leso.

"Basi masomo hayo yameisha," Mzee Wabwile akasema. "Sipeleki mtoto mahali pa kufundishwa kuua watu."

"Mzee, una haki ya kukasirika," Madam Cherop akajibu. "Mimi ndiye niliyekufa, nami nimekasirika. Lakini anayekuja kututazama anajua tunaigiza. Hapa hakuna aliyejua. Huyu hakuigiza, alidanganya, na hilo hatukumfundisha. Njooni Mabanga mwone tunachofundisha, ndipo uamue."

Mzee Wabwile akatazama viti, kuni na sufuria za chai. "Haya. Lori limeshapatikana, halitakaa bure. Tutakwenda Mabanga. Nikiona ni upuuzi, Nasike, Jumatatu unashika jembe. Na viti hivi vya kanisa utavirudisha wewe peke yako, kwa kichwa. Kila boma unalopita, unaingia na kuomba msamaha."

Nasike akabeba viti mpaka shingo ikauma. Boma lingine alisamehewa, lingine alichekwa, lingine akapewa maziwa na kuulizwa maiti wa kesho ni nani.

Asubuhi yake, watu wa Sirisia walikaa safu ya mbele kule Mabanga, mikono wameikunja kifuani. "Leo hanipati," Kukhu Phelista akasema kwa sauti iliyofika mpaka safu ya mwisho.

Kemboi alikuwa amelala chini ya shuka. Nasike akaingia. Hakuweka mikono kichwani, wala hakupiga kelele. Alisimama akiitazama shuka, akikumbuka alivyosimama jana katikati ya boma akilia na hakuna aliyesogea. Akapiga magoti, akamwita marehemu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeamsha mtoto. Akaita tena. Kisha kilio kikaja, polepole, kutoka chini kabisa.

Mara Kukhu Phelista akainuka. "Uuuwi! Mayi weee!"

Ngari, yule mwenye lori, akamvuta gauni. "Kukhu, keti! Ni mchezo!"

"Najua ni mchezo!" Kukhu akamfokea, machozi yakimtiririka. "Niache nilie!"

Safu nzima ikalia pamoja naye. Shuka ya Kemboi ilitikisika kidogo, lakini hakuna aliyeiona, kwa maana hakuna aliyekuwa na macho makavu.

Onyesho lilipokwisha, Madam Cherop alimpa Nasike mkono mbele ya wote. "Alama yako unayo," akasema. "Kwa kuniua, utafagia jukwaa muhula mzima."

Mzee Wabwile alimngoja bintiye kando ya lori. Alikuwa akijifuta macho kwa kofia na kulilaumu vumbi.

"Nasike, nimelia siku mbili mfululizo kwa ajili yako. Jana nililia bila kujua ukweli, na nilipoujua niliona aibu mbele ya majirani. Leo nimelia nikijua, na moyo wangu ni mweupe. Rudi Kitale ukasome kazi hiyo kwa bidii, nimeiona ni kazi. Lakini ukiwa na jambo la kuniambia, hata kama unajua litaniudhi, niambie lingali dogo. Usingoje mpaka watu walete viti."