Buyi Mbele ya Batu Yote

Ile asubui Georgette alikuwa anakaanga kahawa. Jua ilikuwa haiyatoka. Alikaa ku kiti kidogo mbele ya moto, mwiko ku mukono, na harufu ya kahawa ilikuwa inapanda mpaka inajaza lupango muzima. Njo vile alitaka. Alitaka batu basikie harufu.

Mu ile lupango ya Mangobo, mutaa moja ya Kisangani, mulikuwa nyumba ine na kiwanja moja tu. Ukipika, kila mutu anaona. Ukikosa kupika, banaona zaidi.

Georgette hakuzaliwa Kisangani. Alizaliwa Yanonge, kandokando ya mto. Wakati alifika ku lupango na Lambert, bwana yake, alipika asubui kama kwao: lituma, ile ndizi ya kupondwa, na samaki yenye ilibakia jana. Jirani Micheline akapita na kikombe yake ku mukono, akasimama, akaangalia ndani ya sufuria.

"Eh, mama! Lituma asubui? Hii haiko Yanonge. Hapa tunakunywaka kahawa. Kujaza tumbo asubui ni mambo ya bawuta."

Batu bakacheka. Mowuta ni mutu ya mugini, mwenye hayui namna ya kuishi mu muji. Georgette alicheka pamoja nabo, lakini ile neno iliingia ndani yake na haikutoka tena.

Tangu ile siku hakupika tena asubui. Kahawa ilikuwa mingi. Lambert alikuwa anabeba magunia ku depo ya kahawa, na patron yake alikuwa anaachilia batumishi kupeleka nyumbani ile mbegu yenye ilivunjika. Georgette alinunua thermos ya maua mekundu, akaiweka ku meza inje, fasi kila mutu anaweza kuiona. Chakula ilikuwa ndani ya nyumba. Ndizi ilikuwa, viazi vitamu ilikuwa, karanga ya Yanonge ilikuwa. Lakini ilikuwa inangoja mangaribi, wakati giza inaingia na mulango inafungwa.

"Mama, tumbo inaniunguza," Émilie alisema ile asubui. Alikuwa mukubwa ya batoto, musichana ya miaka kumi na tano, na examen ilikuwa karibu.

"Kunywa. Hii njo itakupatia nguvu."

"Kuko kitu ya kula?"

"Sasa hivi? Batu yote bako inje! Kunywa basi, unachelewa."

Émilie akakunywa kikombe, akaongeza ingine, akaenda. Badogo yake, René na Claudine, bakabakia banalamba sukari chini ya kikombe.

Jua haikuwa hata juu ya kichwa, na Georgette akaona Émilie anarudia. Basichana babili ya kalasi yake balikuwa banamushika ku mikono. Uniforme yake ilikuwa na matapishi mbele.

"Ni nini tena?" Georgette akauliza.

Musichana moja akaangalia chini. "Mama, ilikuwa wakati ya bendera. Tulikuwa tunaimba, tunacheza animation ya kusifu chama. Alianza kutetemeka, akatapika, akaanguka. Citoyenne directrice ya masomo anasema arudie na muzazi, na neno ya muganga. Kama ni mimba... anasema masomo imeisha."

Micheline alikuwa anaanika bilamba. Aliacha kuanika.

"Mama Émilie," akasema, "musichana kutapika asubui, sisi banamuke tunayua iko kitu gani."

Kama Georgette angefunga kinywa pale, hii habari ingekuwa fupi. Angeweza kupeleka mutoto ndani, kumunawisha, kumuuliza pole pole. Lakini aliona macho ya batu yote, na aliona tu haya yake mwenyewe. Akakamata Émilie, akainua bulusi yake pale pale mu kiwanja, akaanza kumufinya ku tumbo na mikono mibili.

"Nani? Taja jina yake!"

"Mama, hakuna mutu."

"Unanidanganya! Nitaweka uso wangu wapi? Batu banasomesha basichana yabo, weye unanisomea mimba!"

Kuko mwenye alicheka. Émilie akashusha bulusi yake, akaishika chini na mikono yote mibili. Hakulia. Aliangalia mama yake kama vile unaangalia mugeni mwenye amekosea lupango.

Ku dispensaire, nyumba ya kutunza bagonjwa, infirmière Agathe alipeleka Émilie nyuma ya pazia. Agathe alikuwa mama munene, mwenye hakuwa na haraka, na alikuwa anaikala ku avenue yabo. Georgette alikaa ku banc, akangoja. Alikuwa anafikiri maneno ya kuambia Lambert.

Agathe akatoka. "Mama, hakuna mimba. Na mutoto hakukudanganya."

"Alafu ni nini?"

"Njo nataka kukuuliza weye. Leo asubui alikula nini?"

"Kahawa."

"Nimeuliza alikula nini."

Georgette akajibu: "Kahawa. Na sukari."

"Na jana?"

"Kahawa."

"Donc, anakula mangaribi tu, namna ameniambia, kiisha usiku muzima na siku muzima tumbo inangoja. Na kati kati unatia kahawa kali ya huku kwetu." Akavuta kope ya chini ya Émilie na kidole. "Angalia hapa, mama. Ingekuwa nyekundu kama nyama. Iko nyeupe. Damu yake iko kidogo."

"Mais kahawa inapatia nguvu! Ukikunywa unasikia mwili inaamuka."

"Inaamuka, ndiyo. Weye mutu ya mto, nani aliendesha mutumbwi ya moteur bila essence, ile mafuta yake? Unavuta kamba, unavuta, inapiga makelele, prrr, kiisha inazima kati kati ya maji. Kahawa njo ile kamba. Essence ni chakula. Mutoto mwenye hakukula, kahawa inamuunguza tumbo, inakimbiza roho yake, inatetemesha mikono. Na ukikunywa pamoja na chakula, inazuia mwili kukamata ile nguvu ya kufanya damu. Nyosha mikono yako, mama."

Georgette akanyosha. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama majani. Akarudisha mikono mbio chini ya liputa yenye alijifunga.

"Ku nyumba hakuna chakula?" Agathe akauliza na sauti ya chini, kama mutu mwenye hataki kuumiza mwenzake.

Ingekuwa rahisi kusema hakuna. Umasikini ni haya ya batu yote, hauna mutu moja wa kuubeba. Georgette alifungua kinywa aseme vile, akakuta Émilie anamuangalia.

"Iko," akasema. "Ndizi iko. Viazi iko, karanga iko. Niliogopa batu bataona napika asubui."

Agathe hakucheka. Kama angecheka, ingekuwa afadhali.

"Bon," Agathe akasema. "Sikia. Akiamuka, akunywe maji kwanza. Kiisha ale: buyi ya muchele ya kukoroga na karanga, ao viazi ya kuchemusha, ao ndizi. Papai kama iko. Mangaribi umupatie sombe mingi, majani ya muhogo, na samaki ao badudu ya mbinzo, ile inarudisha damu. Kama anataka kitu ya moto asubui, chemusha majani ya sinda yenye harufu ya ndimu, na mizizi ya tangausi. Batoto, kahawa hapana. Bakubwa, kikombe moja kidogo, saa moja kiisha kula, tumbo isikuwe mutupu. Lakini musiache mara moja, mupunguze pole pole. Na mutoto alale. Hakuna kinywaji yenye inalipa usingizi."

Alipomaliza, Émilie akamuambia yeye, hakuambia mama yake: "Mama infirmière, naomba niende kwa tonton Wenceslas, ku mutaa ya Kabondo."

Ile mangaribi akaenda kule na bilamba yake.

Wenceslas, mudogo ya Lambert, njo alipeleka Émilie ku masomo na neno ya muganga. Bakamupokea. Lakini mu lupango ya Mangobo, batu balikuwa bangali banaamini ile yenye baliona na macho yabo: mama anatafuta mimba ku tumbo ya mutoto yake. Na Georgette njo alibaonyesha.

Kesho yake asubui, kwa hasira yake mwenyewe, alimwanga kahawa yote mu mufereji. Mangaribi kichwa ilikuwa inamupasuka. Lambert alirudia ku kazi anashika kichwa yake pia.

"Mwanamuke, unaniua! Nabeba kahawa ya patron siku muzima ku mugongo, na kwangu sioni hata tone?"

Jirani Aziza, mama mwenye alitoka muji ya Kasongo, ku Maniema, alikuwa anasikia ku mulango yake. Akaja anacheka. "Mama Émilie, infirmière alisema uache yote siku moja?"

"Alisema tupunguze."

"Alafu weye unajichapa fimbo! Kichwa inauma juu mwili ilizoea. Kunyweni kidogo, kesho kidogo zaidi. Na kesho nitakuonyesha buyi ya kwetu Maniema. Lakini tutapika inje. Ndani ya nyumba yako moshi itatumaliza."

Inje. Georgette hakulala vizuri.

Asubui Aziza alikuja na muchele yenye alitwanga nusunusu. Bakaichemusha mu maji na chumvi kidogo. Aziza akasaga karanga ya kukaanga, akaitia, akakoroga mpaka buyi ikakuwa nzito na inangaa. Pembeni, sinda na tangausi ilikuwa inachemuka mu sufuria ingine.

Milango ikafunguka. Micheline akatoka na kikombe yake.

"Eh! Yanonge imerudia?" akasema. "Tena na mimba mu nyumba, lazima kupika mingi."

Aziza akafungua kinywa ajibu. Georgette akamushika ku mukono. Akasimama pale pale fasi aliinua bulusi ya mutoto yake. Alitaka kusema kwa nguvu, lakini sauti ilitoka ndogo, akaanza tena.

"Mutoto wangu hana mimba. Hakukuwa na mimba hata siku moja. Alianguka juu ya njaa. Chakula ilikuwa ndani, mimi njo nilimunyima. Nilimupatia kahawa juu niliogopa mutaniita mowuta. Nilimuvua nguo mbele yenu, na hakukuwa na kosa. Basi muniite mowuta. Yeye mumuache."

Georgette alisikia uso wake inawaka, hakuyua aangalie wapi, akainama kukoroga buyi yenye haikukuwa tena na lazima ya kukorogwa.

Micheline akaangalia ndani ya kikombe yake. Akakunywa kidogo, akaiteremusha. "Kwangu pia batoto banakunywaka hii tu," akasema, karibu ndani ya meno. Akarudia ndani.

Tangu pale Georgette anapika kila asubui mbele ya batu yote. Siku ingine buyi, siku ingine viazi na karanga. Lambert anakula, kiisha anakunywa kikombe yake kidogo ya kahawa, analalamika juu alizoea kulalamika. Mwalimu ya René aliuliza mutoto alipata dawa gani, juu halali tena mu kalasi. Claudine alianza kukimbia mu njia. Mikono ya Georgette imetulia, anaweza sasa kupitisha uzi mu sindano. Na asubui moja Micheline alituma mutoto yake na sahani: "Mama anasema eti, hii buyi munaitia karanga mbele ao nyuma?"

Siku ya Posho, Georgette alienda mpaka ku lukuta fupi yenye inazunguka masomo. Basichana balikuwa banacheza animation kwa kujitayarisha siku kuu. Émilie alikuwa ku mustari ya mbele. Alicheza mpaka mwisho, uso muzima, hakutetemeka. Georgette alikuwa na mikate ya ndizi mu kitambaa. Alibakia nyuma ya lukuta. Hakuwa na nguvu ya kuita jina.

Kesho yake, Siku ya Mungu, Wenceslas akapita ku Mangobo. Georgette akamushika mbele ya mulango.

"Shemeji, umuambie hivi. Mama yake alisema mbele ya batu yote, fasi ile ile. Umuambie badogo yake banakula. Umuambie mama anaomba arudie, lakini kama hataki, aseme tu, nitakuja mimi."

"Nitamuambia."

Wenceslas akarudia kiisha juma moja. Georgette alikuwa anapakuwa buyi. Aliweka mwiko chini.

"Ulimuambia?"

"Yote, namna uliniambia. Alikuwa anaosha basahani."

"Alijibu nini?"

Wenceslas akavua kofia yake, akaivaa tena. "Alimaliza kuosha, shemeji. Kiisha akaanza kupanguza."