Sikio la Mama Mlangoni

Kwanza ulisikika mbingiriko. Kitu kizito kiliviringika chini ya kitanda, kikagonga ukuta, kikatulia. Mama alikuwa akifagia chumba cha bintiye, siku yake ya mapumziko kutoka kiwanda cha mikate, jua limejaa dirishani, redio ya jirani ikiimba. Alipoinama akaiona: chupa ya pombe kali, imebaki nusu.

Bintiye, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa na maneno mengi utotoni, alikuwa bado amelala, na mchana ulikuwa umeshaingia. Siku hizi maneno yalikuwa yamemkauka. Haogi mpaka asukumwe, chakula anakichungulia tu.

"Hii ya nani?"

"Ya kitanda," alijibu bila kufumbua macho.

Mama alimchapa. Alimnyang'anya simu, akamfungia ndani. Alikuwa amechoka, jamani. Mtu anayesimama mbele ya tanuri tangu alfajiri hana subira ya kugawa. Chupa ilipokosekana binti alizidi kunyong'onyea, na alipopata upenyo alikunywa kuliko mwanzo.

Mwalimu wake ndiye aliyewaelekeza kwa mshauri wa vijana pale zahanati, mwanamke asiye na haraka.

"Mama, huyu ana sonona," alisema. "Ni huzuni isiyoondoka yenyewe. Anakunywa ili aizime, na pombe inazidi kuichochea. Tutayashughulikia yote mawili pamoja, kwa mazungumzo. Wewe utakaa nje. Anachosema humu hakitoki, isipokuwa nikiona maisha yake yako hatarini."

"Nje? Mimi niliyemzaa?"

"Wewe uliyemzaa, ndiyo."

Basi kila Alhamisi Mama akawa wa benchi, anasinzia na unga kwenye nyusi. Polepole Chiriku alianza kuoga bila kuambiwa. Siku moja aliomba aongezewe mchuzi, na Mama akageukia jiko kuficha machozi.

Hapo, msomaji, Mama angetosheka. Hakutosheka. Alhamisi iliyofuata alivua viatu, akanyata, akabandika sikio mlangoni.

"Nilianza siku Mama aliponiita mzigo," sauti ya bintiye ilisema. "Nikaona ni kweli."

Mama hakukumbuka kulisema neno hilo. Alilibeba mpaka nyumbani, na mezani likamtoka.

"Kumbe mimi ndiye niliyekushikisha chupa? Ndivyo unavyonianika kwa watu?"

Chiriku aliweka kijiko chini. "Ulisikiliza."

"Nina haki. Mimi ni mama yako."

"Haya. Basi sina la kusema tena, huko wala hapa."

Kesho yake jioni majirani walimkuta ngazini, hajitambui kwa pombe, midomo imebadilika rangi. Hospitali ilimrudisha, ilibaki kidogo tu aende. Alipozinduka aligeukia ukuta. Mshauri alikuja, akakaa naye kidogo. Kwenye korido Mama alimweleza alivyosikiliza mlangoni, naye akamjibu, "Chumba changu kipo. Ila hatarudi mpaka aamini kwamba kina mlango unaofungika."

Funzo

Wazazi, sipambi maneno. Kijana anayekunywa huku moyo wake umejaa giza hatibiwi kwa fimbo, wala hatibiwi nusu. Ukimwondolea chupa ukamwachia huzuni, ataifuata chupa popote ilipo. Mpelekeni kwa anayejua kumsikiliza, kisha mwacheni aseme, hata kama anayoyasema yanawachoma ninyi. Yakiwachoma, vumilieni. Atakayeona nimewakosea adabu wakubwa, na aone, neno silifuti.

Mama huyu alielewa akiwa amebakiza kidogo amzike mwanawe. Alivuta kiti kando ya kitanda cha hospitali, akasema na mgongo wa binti.

"Neno lile silikumbuki. Lakini kama ulilisikia, basi nililisema. Nisamehe. Ukitaka kurudi kwa mshauri, nitakusindikiza mpaka getini tu, nikusubiri barabarani. Ukitoka sitakuuliza kitu."

Binti alijivutia shuka mpaka begani.

"Hata kwa macho?" binti aliuliza, bila kugeuka.

"Hata kwa macho, mwanangu. Nakuahidi."