Mstari Chini ya Mstari

Jua lilikuwa linazama Mkuu wa karakana aliponiita. Aliniambia kabla sijaenda nyumbani nipitie kwa Mwalimu, yule mzee asiyeona, nikachukue vitabu vyake vitatu.

"Anasema Injili tuliyompigia ina mambo ndani," akacheka. "Anataka nakala arobaini, zote ziwe kama ile ile. Mama Nukta, umemtilia nini mzee wa watu?"

Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Karakana yetu inatengeneza vitabu vya wasioona, vile vya nukta nundu. Tunazipiga kwa mashine ya funguo sita kwenye karatasi nene, na kwa unene huo Injili moja inajaza vitabu vitatu. Mimi naona, kwa hiyo nazisoma nukta kwa macho. Nainamisha karatasi kwenye mwanga, vivuli vinajitokeza. Wenyewe wanasoma kwa ncha za vidole. Miaka kumi na tisa nimeifanya kazi hiyo na sijawahi kusoma kwa kidole hata ukurasa mmoja. Sikuona haja.

Sasa niseme kilichonichekesha vile, maana nikikificha hamtaelewa kitu. Mwalimu alipoagiza Injili yake, karatasi zilikuwa zimetuishia. Ikitokea hivyo huwa tunachukua kurasa za zamani, tunazinyunyizia maji na kuzipiga pasi mpaka nukta zinalala, kisha tunapiga maneno mapya juu yake. Hakuna asiyefanya hivyo. Na mimi nyumbani nilikuwa na boksi zima la karatasi nene.

Zilikuwa barua za dada yangu.

Dada alikuwa haoni tangu utotoni. Wazazi walipofariki nilimpeleka kwa shangazi, "kwa muda tu," mpaka nipate nyumba yenye chumba cha pili. Kila wiki alinipigia barua. Nilisoma sita za mwanzo, na zote wimbo ulikuwa mmoja: ukuta unatoka maji, kifua kinabana, mdogo wangu njoo unichukue. Zilizofuata sikuzifungua. Nilijua kilichomo. Nukta nazisoma mchana kutwa, jioni nazo tena? Chumba cha pili nilikuja kukipata. Nikaweka makochi.

Shangazi alipopiga simu kusema dada kazidiwa, nilimjibu nina kazi mezani, nimalize kwanza. Nikakaa siku mbili. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Basi barua hizo, karatasi zaidi ya mia, nilizipiga pasi zote bila kuzisoma. Karatasi ni karatasi, nilijiambia. Zikatosha kitabu cha kwanza na cha pili. Cha tatu nilikipiga kwenye karatasi mpya, zilizofika zikiwa bado zimefungwa kamba. Hilo la kitabu cha tatu naomba mlishike vizuri.

Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi, ndani giza.

"Hodi."

"Pita, binti. Swichi iko ukutani, kama umeme upo."

Nikabonyeza. Ta... Kimya. Umeme haukuwepo, na mzee wala hakuwa na habari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe uliyenipigia Injili?"

"Ni mimi."

"Basi kaa. Kaa, mwanangu."

Nilipapasa nikapata kiti. Nilisikia vidole vyake vikitembea juu ya karatasi, shh... shh... Mzee huyo anajulikana. Jioni watu hujaa sebuleni kwake kumsikiliza akifafanua Injili, na neno lake siku zote ni moja, kwamba maneno yale yana tabaka, na anayesoma la juu tu amekula ganda.

"Miaka hamsini nasoma," alisema, "na miaka hamsini naambiwa hakuna kitu chini. Sasa nimekipata, binti. Nimekipata kabla sijafa."

Furaha iliyokuwa kwenye sauti yake iliniuma kuliko tusi.

"Unakumbuka pale rafiki yake Bwana anapougua? Dada zake wanatuma ujumbe. Bwana anapata habari, halafu anakaa siku mbili pale pale alipo. Nimejiuliza maisha yangu yote alikaa kwa nini. Sasa chini ya mstari ule kuna mstari mwingine, mwembamba, umelala. Unasema, *Unangoja nini?*"



"Na kwingine anasema, *mdogo wangu, ukuta unatoka maji.* Watu wangu wamelia! Tumekaa juma zima na huo ukuta. Mmoja anasema ni ubatizo. Mwingine anasema ni ubavu wa Bwana, pale ulipochomwa ukatoka maji."

Ni ukuta, nikasema moyoni. Ni ukuta tu, mzee wangu, wa chumba cha nyuma kwa shangazi, na maji ni ya tangi la jirani linalovuja. Nilitakiwa niseme palepale. Ningesema yangeisha. Lakini ningeanzaje? Ningesema hiyo sauti inayokuliza ni barua nilizoona uvivu kuzifungua?

"Ila kitabu cha tatu," akashusha sauti, "ndicho kimenishinda. Huko ndiko anakosema sana."

"Cha tatu hakina kitu, Mwalimu."

Lilinitoka. Vidole vyake vikasimama.

"Umejuaje?"

"Nasema tu..."

"Hebu soma mwenyewe. Nimekunja pembe ya ukurasa. Nakuletea chai."

"Mimi nasoma kwa macho, na humu giza."

"Vidole si unavyo?"

Akanisukumia kitabu magotini, akainuka, akaenda zake bila kugusa kitu. Nikatafuta ule ukurasa uliokunjwa. Nikaweka kidole. Nilihisi vipele tu, vipele vingi visivyo na kichwa wala miguu. Aibu ikanishika. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini, na napekua karatasi kama kuku kwenye jalala.

Ndipo mkono ukafunika mkono wangu.

Ulikuwa mkavu. Baridi. Ukaurudisha mkono wangu mwanzo wa mstari, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto. Nikadhani Mwalimu amerudi. Hata nilishukuru. Ukakibana kidole changu cha shahada, ukakishusha kidogo, katikati ya mistari miwili, mahali nilipojua kwa hakika kwamba sikupiga kitu.

Zilikuwepo.

Nukta nyembamba, kama chembe za chumvi. Nikazihesabu herufi kwa herufi.

*Wameleta... mwingine.*

Harufu ya chokaa iliyolowa ikanijaa puani. Na dawa ya kuchua kifua.

*Analala kwenye kitanda changu. Anakohoa kama mimi. Njoo umchukue.*

"Sukari vijiko vingapi?" Mwalimu akauliza.

Akiwa jikoni.

Mkono ulikuwa bado juu ya mkono wangu.

Watu husema wangepiga kelele. Kelele inataka pumzi, na mimi sikuwa nayo. Nilichoweza ni kujibu nilichoulizwa.

"Viwili," nikasema.

Mkono ukaniachia. Kidole kimoja... kingine... kingine... mpaka cha mwisho.

Mwalimu alirudi na kikombe bila kumwaga tone. Akaketi mbele yangu, karibu, hata nikasikia anavyopumua.

"Umempata?"

"Sijapata kitu."

"Binti. Huyu anayeitwa *mdogo wangu* ni nani?"

"Simjui."

"Na kitanda? Wenzangu wanasema ni moyo wa mwanadamu, umelaliwa na dhambi, Bwana anataka tuitoe. Wamefurahi sana na hiyo tafsiri. Mimi sina raha nayo." Akainama. "Huyu anakohoa. Mfano haukohoi, binti. Nimesoma mifano yote, hakuna unaokohoa. Kama kuna mtu mahali fulani, na wewe unapajua, niambie sasa hivi. Nina watu. Tunakwenda usiku huu huu."

Huyo ni kipofu, na alikuwa ameshaona. Mimi mwenye macho mawili nilimeza chai ya moto na kusema:

"Mimi kazi yangu kupiga nukta, Mwalimu. Simjui."

Hakuna jogoo aliyewika. Majirani zake hawafugi.

Nilibeba vitabu nikaenda nyumbani. Umeme uliporudi nilikiweka kitabu cha tatu chini ya taa, nikakiinamisha huku na huku, ukurasa kwa ukurasa. Kilikuwa na Injili, basi. Safi, kama nilivyoipiga, bila kivuli hata kimoja kati ya mistari. Nikapumua. Nikajiambia ulikuwa woga, giza, na kidole kisichozoea. Macho yangu hayakuona kitu, nikaona niyaamini yenyewe, ndiyo yaliyonilisha miaka yote.

Kesho yake nilikwenda kazini. Kesho kutwa pia. Sababu sikuzikosa, kwa kutafuta sababu mimi ni fundi. Simu ya shangazi haipatikani. Huko ni mbali. Na tuseme kweli kuna mtu, ananihusu nini? Mchana nilikuwa nakula na kuongea kama kawaida. Ila nilikuwa najua. Nataka hilo lieleweke, kwamba kila saa ya siku hizo mbili nilikuwa najua.

Jioni ya pili nilikuwa napiga pasi gauni la kazini. Mvuke ulipopanda ulikuja na ile harufu ya chokaa mbichi. Nikasimamisha pasi.

Kwenye chumba cha makochi, mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtoto.

Sikwenda kuangalia. Nilichomoa pasi, nikavaa gauni hivyo hivyo upande mmoja umekunjamana, nikatoka. Msiniite mwema. Nilikwenda kwa woga, huruma haikuwemo.

Shangazi alifungua mlango, akaniangalia, akauliza swali moja tu.

"Nani kakuambia?"

Nikampita. Chumba cha nyuma kilikuwa vile vile kilivyoandikwa. Ukuta ulikuwa umevimba kwa maji, rangi inabanduka. Kwenye kitanda cha dada kulikuwa na mtoto wa kike, miaka minane hivi, yatima wa upande wa marehemu mume wa shangazi. Macho yake yalikuwa meupe. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi kila anapovuta hewa. Aliposikia hatua zangu akanyoosha mkono.

"Wewe ndiye mdogo wake?"

"Mdogo wake nani, mama?"

"Dada wa ukutani."

Nyuma yangu shangazi akasonya. "Mchukue. Mimi simzuii mtu. Usiku kucha anaongea na ukuta, ananitia wazimu. Hata yule mwenzake alikuwa hasemi sana hivyo."

"Yule mwenzake alikuwa na jina," nikamwambia.

"Na wewe ulikuwa na miguu," akanijibu.

Nikambeba mtoto mgongoni, mwepesi kama kapu tupu, nikampeleka hospitali moja kwa moja. Daktari alisikiliza kifua chake, akanitazama kwa hasira, akaniuliza mama wa namna gani anangoja mpaka mtoto afike hapo. Alilazwa wiki tatu.

Sasa analala kwenye chumba cha pili. Makochi niliyatoa nje, mvua ikayanyeshea, na hata sikuyatazama.

Mwalimu sijamwambia. Nakala arobaini nimezipiga, zote karatasi mpya, na vile vitabu vyake vya kwanza nikamdanganya vimeharibika. Watu wake wameridhika. Sebule inajaa, wanaendelea na kitanda ambacho ni moyo na maji ambayo ni ubatizo. Yeye mwenyewe hafundishi tena. Anatembea mitaani na fimbo yake, anabisha mlango mmoja mmoja, anauliza kwa upole kama humo ndani kuna mtu asiyeona anayekohoa. Ameshaanguka mtaroni mara mbili. Nikimwambia mtoto amepatikana nitalazimika kumwambia nilijuaje. Nitamwambia. Leo sina nguvu.

Usiku mtoto akilala ninavitoa vile vitabu vitatu. Nazima taa. Nasoma kwa vidole, siku hizi nimeanza kuvijua. Natafuta chini ya mstari, chini yake tena, pembezoni, mpaka ncha za vidole zinachubuka. Kwenye cha kwanza na cha pili zimebaki chembe tu, neno halikamiliki. Cha tatu kimya. Alisema alichotaka kusema kwa ajili ya mtoto, basi. Kwangu mimi hakuna samahani wala laana. Dada yangu wa tumbo moja! Ningeridhika hata na tusi.

Jana jioni nilikuta mtoto amekaa mezani. Hajaanza shule. Alikuwa amechukua karatasi mpya kwenye rundo langu, haijapigwa hata nukta moja, na anaipitishia kidole kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Midomo inacheza. Halafu akacheka kwa sauti, kile kicheko cha mtu aliyesomewa jambo la kwao.

Nilisimama mlangoni.

"Nani kakufundisha kusoma?"

"Dada."

Nikakaribia. Nikaweka kidole changu kwenye karatasi, kando ya chake. Ilikuwa laini tupu.

"Anasema nini?" nikamuuliza. Nilisikia sauti yangu ikiomba. "Niambie, mwanangu. Anasema nini?"

Alimaliza ukurasa, akaugeuza, akausoma upande wa pili polepole mpaka mwisho. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kifuani, ndani ya nguo.

"Amesema nisikuambie."