Saa Niliyoifuta Daftarini

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1988, ilianza kwa namna moja. Nilifagia ua, nikateka maji, nikanywa chai kwa mahamri huku nimesimama, kisha nikamfuata shangazi yangu Sidi kwa miguu kutoka Maweni hadi zahanati ya misheni pale mjini Malindi. Nasema nilikunywa chai nimesimama kwa sababu mimi, Kadii binti Kombe, nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema hata nikilala miguu yangu huendelea na safari. Ndiyo maana alinitoa kwetu Kakuyuni shule zilipofungwa, akamwomba shangazi anitafutie shughuli.

Shangazi alifanya kazi ambayo kwetu hakuna aliyeweza kuieleza. Babu aliwaambia watu kwamba binti yake ni karani, na bibi akasema ni fundi wa redio. Wote wawili walikosea, kwani shangazi aliandika programu za kompyuta. Zahanati ilikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cheupe kama mtungi wa maji, na shangazi alikuwa ameiandikia programu ya kutunza majina ya watoto na chanjo zao. Ukiiuliza ni nani hajachanjwa surua, ilikutolea majina na mahali wanapoishi.

Mwezi ule alikuwa na kazi nyingine juu ya hiyo. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imetengeneza mfumo endeshi mpya, na kabla ya kuuuza iliwapa watu wachache katika nchi mbalimbali waujaribu na kuandika kasoro zake. Nilipomuuliza mfumo endeshi ni kitu gani, alinijibu kwa lugha ya jikoni. Programu yake, alisema, ni mpishi, na mfumo endeshi ni jiko lenyewe, pamoja na maji na kuni. Mpishi awe hodari vipi, jiko likiwa bovu watu watalala njaa. Yeye alitaka kujua kama jiko hilo jipya lingefaa kabla halijapelekwa katika zahanati nyingine za pwani.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia katika majaribio. Nilipewa daftari lenye safu tatu, ambalo nyuma yake shangazi alikuwa ameorodhesha majaribio yote. Katika safu ya kwanza niliandika saa, katika ya pili nilichofanya, na katika ya tatu kilichotokea. Shangazi alinipa sharti moja tu: niandike nilichokiona, nisiandike nilichotarajia kukiona. Nikaitikia upesi, maana masharti marefu hunichosha.

Betri ya saa ya kompyuta ile ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ilipowashwa iliuliza tarehe na saa. Shangazi alinionya siku ya kwanza kwamba mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane, ilhali sisi huanza jua linapochomoza. Saa tatu yetu ya asubuhi, kwayo ni tisa. Nilimjibu kwamba hayo tulifundishwa tangu darasa la nne. Nilijua kweli, ila kujua na kukumbuka ni ndugu wasiokaa nyumba moja.

Wiki ya pili habari mbaya ziliingia kutoka Jilore. Surua ilikuwa imewapata watoto watatu, na Sista Waruguru, muuguzi mkuu, aliamua kwamba gari la chanjo lingekwenda huko siku ya Alhamisi. Sista alikuwa mzaliwa wa Nyeri, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Joram, dereva wake, alikuwa amezunguka Jilore siku kadhaa akikusanya kadi za kliniki za watoto. Kadi sitini na mbili. Akina mama walimpa kwa shingo upande, wakamwapisha azirudishe Jumanne.

Jumanne ile shangazi aliwasha kompyuta saa moja asubuhi. Aliiandikia saba, akafungua orodha ya watoto iliyokuwa kwenye diski nyekundu, akaihifadhi upya, akaitia nakala yake kwenye diski nyeusi. Kisha akazima, maana alikuwa na mkutano Kilifi. Akaniagiza niingize kadi zote za Jilore kwenye diski nyekundu, Sista azihakiki, Joram aondoke nazo. Jaribio lililofuata katika daftari, la kulinganisha diski mbili, tungelifanya pamoja akirudi.

Niliwasha mashine saa tatu. Iliponiuliza saa, niliandika tatu, na katika daftari nikaandika tatu vilevile. Sikuhisi lolote. Nikaingiza kadi moja baada ya nyingine, Sista akapita akakagua, akanisifu kwamba nina vidole vyepesi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza, na Joram akatia kadi katika mfuko wake akaenda zake Jilore.

Hapo ndipo ilipokuja shida yangu ya kila siku: nilikuwa nimekaa, na sikuwa na la kufanya. Feni ilizunguka. Nikainuka, nikakaa, nikalifungua daftari, nikalisoma lile jaribio. Mfumo mpya ulikuwa na agizo la kutazama orodha mbili, kuona ipi imeandikwa baadaye, kisha kuinakili juu ya ile ya zamani. Nikajiambia kwamba shangazi angerudi akute kazi imekwisha, afurahi. Nikatia diski zote mbili, nikabonyeza.

Nilipofungua orodha tena, majina ya Jilore hayakuwamo. Niliipitia kutoka juu hadi chini, nikarudia. Orodha iliishia kwa watoto wa Kakuyuni, kama ilivyokuwa saa moja. Nikalitazama daftari, na mstari wangu wa kwanza ukanitazama: nimewasha, 3:00. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mashine iliamini kwamba nimefanya kazi saa tisa za usiku, kabla ya shangazi kufika saa moja. Kazi yangu ikaonekana kuukuu, na orodha yake ya saa moja ikawekwa juu yake.

Nilipaswa kwenda kwa Sista papo hapo. Badala yake nilichukua kifutio, nikaifuta ile tatu polepole karatasi isichanike, nikaandika tisa.

Shangazi aliporudi alasiri nilimweleza kwamba nimefanya jaribio bila ruhusa na majina yamepotea. Huo ulikuwa ukweli, lakini nusu yake, na nusu ya ukweli humpa mtu faraja ya uongo. Alinikemea kidogo kwa kukiuka agizo. Kisha akalichukua daftari, akaona tisa, na uso wake ukabadilika. Saba ni kabla ya tisa, alisema, kwa hiyo mfumo umechukua cha zamani ukakiweka juu ya kipya. Hiyo ilikuwa kasoro kubwa kuliko zote alizozipata, na ilibidi waliotengeneza waambiwe.

Jumatano nzima alirudia lile jaribio. Aliandika saa hizi na zile, akatumia majina ya kubuni, na kila mara mfumo ulifanya sawasawa. Alikuna kichwa, akaanza upya. Mimi nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nilileta maji ambayo hakuna aliyeyataka, nikafagia chumba kilichokwisha kufagiwa, nikatoka nje, nikarudi. Nilichukua karatasi nikajaribu kuyakumbuka majina sitini na mawili, pengine nimwokoe kila mtu kimyakimya. Nikafika saba nikakwama. La saba lilikuwa la mtoto aitwaye Kahonzi, wa miezi kumi, na sikuweza hata kukumbuka anaishi sehemu gani ya Jilore.

Sista Waruguru alikuja akasimama mlangoni. Aliongea na shangazi, lakini kila neno liliniangukia mimi.

"Sidi, gari inaondoka kesho asubuhi. Ile chanjo iko na barafu ya siku moja tu. Nyumba za Jilore zimetawanyika huko mashambani, na bila orodha sijui nianzie wapi. Nikifika kwa wale wamechanjwa tayari, wale wengine jua litatua sijawafikia."

Shangazi alimwomba saa moja zaidi. Sista alipoondoka, aliniambia kwamba hana budi kuifuta ile diski nyekundu yote na kuupachika mfumo upya, labda ulikuwa umeharibika tangu mwanzo. Pengine angepata chanzo cha kasoro. Majina ya Jilore yangesubiri Joram azikusanye kadi tena, na safari ingeahirishwa hadi wiki ijayo. Nikafikiria wiki nzima ya surua. Kwenye kioo mashine ikauliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu, na kidole chake kikaenda kwenye kibodi.

"Shangazi, usifute," nikasema. "Mfumo hauna kosa. Ni mimi."

Mkono wake ukasimama. "Daftari linasema uliwasha tisa."

"Niliandika tatu, kwenye mashine na kwenye daftari. Baadaye nikafuta."

Sikuweza kumtazama. Nilisikia akivua miwani na kuiweka mezani. Nilingoja anipandishie sauti, na nilitamani afanye hivyo, maana nilistahili. Aliniambia tu nikae. Nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu jana miguu yangu ikatulia.

Kisha akageukia mashine na vidole vyake vikaanza kwenda mbio. Aliongea huku akibonyeza, nusu kwangu nusu kwake mwenyewe. Mfumo ule, alisema, hautupi kitu mara moja. Orodha inayoshindwa katika ulinganisho huwekwa pembeni na kupewa saa ambayo mashine iliwashwa, ili mtu akijuta aipate. Yeye alikuwa ameipekua ile diski mara mbili akitafuta kitu chenye saa tisa au zaidi, kwa sababu daftari lilisema tisa. Alikiona kimoja chenye saa tatu akakipita. Nani anafanya kazi zahanati saa tisa za usiku? Alidhani ni takataka za majaribio, na alikuwa karibu kukifuta pamoja na mengine yote.

Akakifungua. Majina sitini na mawili yalikuwamo, na Kahonzi wangu miongoni mwao. Nililia bila kujizuia.

Mashine ya kuchapisha ilipiga kelele zake, na jioni ile Sista alikuwa na karatasi mkononi: watoto kumi na wanane waliokosa chanjo ya surua, na nyumba zao. Ilibidi nimweleze mwenyewe kilichotokea. Shangazi alikataa kunisemea. Sista alinisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Hapa kwetu hiyo methali si ya vitabuni, mtoto wangu. Tunaiona kila wiki."

Alhamisi gari lilitoka kabla jua halijapanda. Siku ile sikufanya la maana. Nilikwenda langoni, nikarudi, nikaenda tena, hadi Joram alipofika alasiri na kisanduku cha barafu kitupu. Watoto wote kumi na wanane walikuwa wamepatikana. Nilimuuliza habari za Kahonzi, akacheka, akasema huyo alipiga mayowe wakasikia hadi ng'ambo ya mto.

Jioni shangazi aliniita mezani. Alikuwa anamalizia barua ya kasoro kwa waliotengeneza mfumo, akanisomea kifungu kimoja. Alikuwa ameandika kwamba mfumo unapouliza saa hauulizi kama ni ya asubuhi au ya usiku, na kwamba wako watu duniani wanaoanza kuhesabu siku yao alfajiri. Akaandika pia kwamba mfumo haushtuki mtu anapouandikia saa iliyo nyuma ya ile iliyokwisha kuandikwa kwenye diski. Chini yake alikuwa ameongeza kosa lake mwenyewe: kwamba aliruhusu majina ya watoto wa kweli yaguswe na mfumo ambao ulikuwa bado katika majaribio. Nilishangaa. Sikujua kwamba watu wazima nao huandika makosa yao, tena kwa barua inayokwenda mbali.

"Kosa lako ni kasoro ya tano humu ndani," akaniambia. "Litawafaa watu. Wangejuaje, wao walioko huko mbali, kama mtu wa Malindi asingekosea na kusema? Kukosea ndiyo kazi yenyewe ya anayejaribu vitu vipya. Kukosea saa kulikuwa jambo la dakika moja, Kadii. Kilichotupotezea siku nzima ni kile kifutio. Ukificha mahali ulipokosea, kila anayekuja nyuma yako hupotea palepale, na wewe ndiye peke yako unayeijua njia."

Nikamwomba radhi, akanisamehe. Kisha akalisogeza daftari mbele yangu, akaniondolea penseli na kifutio, akanipa kalamu ya wino. Aliniambia niandike upya mstari wa Jumanne. Nikauandika kama ulivyokuwa: nimewasha, 3:00, na pembeni yake nikaeleza kwamba ilikuwa saa tatu yetu ya asubuhi. Wino ukakauka, na maneno yangu yakabaki pale kila mtu aweze kuyasoma.