Aliyezuia Ngoma ya Swaumu

Msichana alikuwa amelala kwa ubavu juu ya mkeka, vazi la ngoma mwilini, njuga bado zimefungwa miguuni. Alikuwa hai. Wenzake walimwita, wakamtikisa, wakamnyunyizia maji usoni. Alikoroma kidogo, basi.

"Nani huyu?" aliuliza Inspekta Sikuzani.

"Swaumu Saburi, mwaka wa pili," alijibu Mwalimu Abdulkadiri, mkuu wa idara ya sanaa. "Ndiye anayewaongoza wachezaji wetu wa ngoma ya mdundiko. Zamu yetu ya kupanda jukwaani ilikuwa inafika."

Ilikuwa siku ya kufunga Wiki ya Sanaa na Utamaduni katika chuo kikuu cha pale Visiga. Nje ya chumba cha mavazi uwanja ulikuwa umefurika, na kipaza sauti kilikuwa kinaita kikundi kingine. Watazamaji hawakujua lolote.

Gari la wagonjwa lilipomchukua Swaumu kuelekea hospitali, Sikuzani alibaki ameukodolea macho mkeka. Palikuwa na kanga mbili zilizokunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, mahali kilipokuwa kichwa. Kanga ya tatu ilikuwa imemfunika hadi kiunoni. Dirisha lilikuwa limefunguliwa na kuwekewa kijiti lisijifunge.

"Nani alimfunika?"

"Tulimkuta hivyohivyo, afande."

Karibu na ukuta palikuwa na kikombe. Sikuzani alikiinua kwa kitambaa, akakinusa. Tangawizi. Chini kabisa palikuwa na masalia meupe kama chokaa.

"Hiki ni kielelezo," alimwambia msaidizi wake, Koplo Amiri. "Kifunge, kiende kwa Mkemia Mkuu." Kisha akashusha sauti. "Mwenye chuki humwekea mtu dawa akakimbia. Huyu aliweka dawa, halafu akamtandikia."

* * *

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Anifa, msichana mrefu aliyekuwa amelia mpaka wanja umemshuka mashavuni.

"Swaumu asipocheza, nani anaongoza?"

"Mimi."

"Mbona hukupanda?"

"Ningepandaje, afande? Mwenzetu kalala kama maiti! Tumejitoa."

"Nimeambiwa uliwahi kusema nafasi ile ni yako."

"Nilisema. Tena mbele ya watu wote. Mtu anayetaka kumdhuru mwenzake anatangaza kwanza?" Alijifuta macho. "Mnanionea bure. Hata msondo ulipochanwa, macho yote yalinigeukia mimi."

Sikuzani aliacha kuandika. "Msondo upi?"

"Ile ngoma ndefu. Bila hiyo mdundiko hauendi. Wiki hii tuliikuta stoo imechanwa kwa kisu. Shomari akasema basi, tuondoe jina kwenye mashindano. Mwalimu akakataa, akaenda kuazima nyingine Kisarawe."

"Shomari ni nani?"

"Mpigaji wetu wa msondo."

"Na hii tangawizi imetoka wapi?"

"Ni ya Shomari. Tulikunywa wote, chupa moja. Mbona sisi hatujalala?"

"Swaumu alijimiminia mwenyewe?"

"Alikuwa anavaa. Alipelekewa kikombe huko chumbani."

"Na nani?"

Anifa alitazama mlango. Halafu akasema taratibu, "Afande, Shomari hawezi. Yule anamchukulia Swaumu kama dada yake wa tumbo moja."

Sikuzani alikwenda stoo. Ngoma za vikundi vyote zilikuwa zimepangwa ukutani, nzima, ila msondo mmoja uliokuwa umelazwa chini, ngozi imepasuliwa. Kitasa kilikuwa kizima. Funguo zilikuwa mbili. Moja ya Mwalimu Abdulkadiri, nyingine ya Shomari.

"Mpinzani angechana zote," alisema Koplo Amiri.

"Hakuwa mpinzani. Alitaka ngoma hii moja isilie. Alipoona imeletwa nyingine, akatafuta njia ya pili. Niitie huyo kijana."

* * *

Shomari aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mwembamba, viganja vyake vigumu kwa sugu. Alisema shikamoo, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayetarajia kuinuliwa muda wowote.

"Wewe ndiye uliyempelekea Swaumu tangawizi?"

"Ndiyo."

"Ulitia nini ndani?"

Kijana akauliza, "Samahani, afande. Huko hospitali wamemlaza kichwa kikiwa juu?"

Sikuzani aliweka kalamu mezani. Tangu afike chuoni, kila aliyemkaribia alimuuliza swali moja: nani kafanya hivi? Huyu alikuwa anauliza habari za mto.

"Kwa nini kichwa kiwe juu?"

"Basi tu."

"Wewe ndiye uliyemkunjia zile kanga."

Machozi yalimlengalenga Shomari. "Ndiyo. Dawa nimetia mimi. Msondo nimechana mimi. Andika, nitasaini."

"Kwa nini?"

"Hilo siwezi kusema."

"Kijana, unajua unachokiri? Kumlevya mtu kwa dawa bila ridhaa yake ni jinai. Akifa, kesi yako ni ya mauaji."

"Hafi. Inshallah hafi."

"Basi niambie sababu."

"Nimeapa, afande. Nipeleke tu mahabusu."

Sikuzani alikuwa amewahoji wezi, matapeli na wauaji. Wengi walikuwa na sababu tele na kosa wakalikana. Huyu alilikumbatia kosa, sababu akaifungia kifuani. Akamwamuru Koplo Amiri amchukulie maelezo ya onyo na kumpeleka kituoni. Yeye akaondoka na askari mwingine kwenda kupekua nyumbani kwa mtuhumiwa.

* * *

Nyumba ilikuwa Kisarawe, ya bati, mlangoni pamekaangwa mihogo. Mama yake Shomari aliwakaribisha kwa hofu. Jirani aliyechungulia alimwita Mama Zena.

"Mama, mwanao Shomari alikuja hapa karibuni?"

"Alikuja jana. Kafanya nini mwanangu?"

"Una dawa zozote ndani?"

Mama alileta mfuko wa vidonge. "Za usingizi. Daktari alinipa. Lakini naona kama zimepungua."

Sikuzani aliuchukua mfuko ule kwa kielelezo, akasaini hati ya upekuzi. Alipokuwa anainuka, akauliza kwa upole, "Zena ni yupi, mama?"

"Binti yangu wa kwanza. Ametangulia mbele ya haki." Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi kilichokuwa karibu. "Ndiyo maana usingizi nikaununua kwa vidonge."

"Aliumwa nini?"

"Watu walisema karogwa. Hospitali wakaja kutwambia moyo, lakini tulichelewa. Alikuwa akipanda kilima hiki anahema, midomo inageuka zambarau. Usiku hawezi kulala chali. Shomari ndiye aliyekuwa anampangia mito miwili."

Sikuzani akamshika mama yule mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, mama. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Ndani ya gari alimpigia daktari aliyempokea Swaumu.

"Ameamka," daktari alisema. "Ni dawa ya usingizi, kama ulivyohisi. Lakini kuna jingine. Huyu binti ana ugonjwa wa moyo wa siku nyingi, valvu imebana. Nimemuuliza, kumbe anajua. Alishapimwa Dar es Salaam."

"Angecheza leo ingekuwaje?"

"Mdundiko? Kwa jua lile, na njuga zile?" Daktari alishusha pumzi. "Inspekta, pengine saa hizi ungekuwa unaniuliza habari za maiti. Lakini usije ukadhani hiyo dawa ilikuwa jambo dogo. Kwa moyo ule, nayo ingeweza kumwondoa. Mungu tu."

* * *

Swaumu alikuwa ameegemeshwa kitandani. Kando yake aliketi baba yake, Mzee Saburi, mkulima wa Marui, kanzu yake nyeupe imekunjamana kwa safari. Alikuwa amekuja kumtazama mwanawe akicheza, na badala yake akaelekezwa wodini.

"Umemkamata?" mzee alimdaka Sikuzani hata kabla ya salamu. "Nionyeshe aliyemlisha mwanangu sumu. Nataka nimwone kwa macho yangu."

"Nimemkamata, mzee. Ni Shomari, mpigaji wa msondo. Amekiri kosa, sababu hataki kuisema. Anadai ameapa." Sikuzani alimgeukia msichana. "Nadhani mwenye kiapo ni wewe."

Swaumu aliziba uso. Mabega yakatikisika.

"Baba, nisamehe," alisema mwishowe. "Naumwa moyo. Walinipima, wakasema nisicheze, nisikimbie, nipangiwe upasuaji. Nikaficha."

"Ukaficha? Mimi baba yako?"

"Ungenirudisha Marui. Na ngoma ulinikataza tangu nikiwa mdogo. Mwaka huu ndiyo umekubali kuja kuniona. Nikasema nicheze siku hii moja, unione, halafu nikatibiwe. Shomari aligundua mwenyewe mazoezini. Nikamshikisha Msahafu kwamba hatamwambia mtu yeyote."

Mzee Saburi alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Kwa hiyo, mama," alisema, "nilipanda gari toka Marui nije kukutazama ukifa?"

Swaumu alilia kwa sauti. Mzee akauvuta mkono wa mwanawe, akauweka kwenye shavu lake, akakaa nao hivyo.

Sikuzani alimpigia Koplo Amiri kituoni, akamwambia ampe mtuhumiwa simu. Swaumu aliishika kwa mikono miwili.

"Shomari? Ni mimi... Nipo, nazungumza, hunisikii?... Nimekufungulia kiapo. Nimeshamwambia baba. Waambie na wewe." Akasikiliza. "Nimekukasirikia sana leo. Sijui kesho. Lakini nipo hai, Shomari. Nipo."

* * *

Mzee Saburi aliomba kufuatana na inspekta hadi kituoni. Sikuzani alimruhusu kukaa pembeni, asiseme neno.

Shomari sasa alizungumza bila kuulizwa mara mbili.

"Dada yangu Zena alianza hivihivi. Akipanda kilima anasimama, anajidai anafunga kanga, kumbe pumzi imemwisha. Siku aliyoanguka palikuwa na harusi ya binamu yetu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga ngoma. Nikamwona anayumba, nikadhani ni madaha. Nikazidisha mapigo." Aliangalia viganja vyake. "Nilizidisha, afande. Watu wakapiga vigelegele. Akaanguka miguuni pangu na hakuinuka."

Sikuzani alimsogezea glasi ya maji.

"Swaumu naye, mazoezini, mguu ukawa unachelewa nyuma ya ngoma. Nikainua macho, nikaona ile midomo. Nikajua. Nilimwomba, nililia mbele yake. Hakusikia."

"Ungekataa kupiga."

"Angepiga mwingine."

"Ungemwambia Mwalimu, au daktari wa chuo."

"Nilishika Msahafu kwamba sitasema. Sikuapa kwamba sitafanya kitu. Nikachana msondo. Ukaletwa mwingine. Jana nikachukua vidonge vya mama, lakini nikawa bado nasita. Leo asubuhi nikamwona anafunga njuga, anacheka, ananiambia baba yake yuko njiani. Nikaona siwezi kumpigia ngoma mtu wa pili."

"Umeambiwa daktari kasema nini? Dawa ile nayo ingemuua."

Shomari alifunika uso kwa viganja vyake. "Nilikaa naye mpaka niliposikia wenzangu wanakuja. Nilikuwa nasikiliza pumzi. Kila ikitoka nashukuru, naomba irudi."

Sikuzani alimsomea maelezo yake, akampa kalamu asaini. "Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Kosa nitaliandika kama lilivyo, silipunguzi. Na sababu nitaiandika kama ilivyo."

Miezi baadaye hakimu alikuja kumtia Shomari hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mmoja. Swaumu alikuja kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam, na Mzee Saburi akampigia Sikuzani akiwa kwenye korido ya hospitali, anarudia neno moja tu, alhamdulillahi, mpaka salio likakatika. Lakini jioni ile hakuna aliyeyajua hayo. Palikuwa na kijana wa kupewa dhamana, na mama yake alikuwa Kisarawe, hajapata gari.

"Asipopatikana mdhamini, atalala hapa," alisema Koplo Amiri.

Mzee Saburi alisimama. Aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kitambulisho chake cha taifa, akakiweka kaunta.

"Mzee," Koplo alishangaa, "wewe si ndiye baba wa mlalamikaji?"

"Ndiye mimi."

Koplo alimtazama Inspekta Sikuzani. Sikuzani alitikisa kichwa kukubali, kisha akageukia dirishani, kwa kuwa macho yalikuwa yanamwasha.

Shomari alitolewa mahabusu. Alipomwona mzee, alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliinama, akamshika chini ya kwapa, akamwinua.

"Marahaba. Simama, tutachelewa. Huyo mwenzio anataka kukuona, na wauguzi wanafunga wodi."

Koplo Amiri alikuwa ameinamia fomu. "Mdhamini, Saburi wa Marui. Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Mzee Saburi alimpangusa Shomari vumbi magotini.

"Andika mzazi," alisema.